Mwili wa Binadamu Kama Waya wa Habari

Mgonjwa wa moyo anayeishi Endamarariek, wilayani Karatu, hawezi kwenda hospitali kila siku ili moyo wake upimwe. Tuchukue kwamba amevaa kifuani kihisio, yaani chombo kidogo cha kupima mapigo, na mkononi amevaa saa inayopokea vipimo hivyo na kuvihifadhi. Je, habari zitafikaje kutoka kifuani hadi mkononi bila waya, na bila betri kuisha upesi?

Njia iliyozoeleka ni redio. Redio ndogo zilizomo katika simu na saa hutumia marudio ya karibu gigahetsi 2.4. Mwanafunzi akigawanya mwendo wa mwanga, yaani mita 300,000,000 kwa sekunde, kwa marudio hayo, atapata urefu wa wimbi wa sentimeta 12.5. Sehemu ya wimbi hilo humezwa na maji yaliyomo mwilini, na nyingine husambaa chumbani, ambamo mtu mwingine aweza kuinasa.

Njia ya pili ni kuutumia mwili wenyewe. Thomas Zimmerman wa chuo cha MIT, Marekani, aliieleza mwaka 1995. Chini ya ngozi kavu, mwili una maji mengi yenye chumvi, nayo hupitisha umeme. Kibamba cha metali kikiwekwa juu ya ngozi hufanya kapasita pamoja na mwili. Saketi ikibadili volteji ya kibamba hicho haraka haraka, volteji ya mwili wote hupanda na kushuka kidogo mno, wala mtu hahisi lolote. Kibamba cha saa huyatambua mabadiliko hayo. Kila saketi lazima iwe na njia ya kurudia. Hapa njia hiyo ni uga wa umeme unaopita hewani na ardhini.

Zimmerman alitumia kilohetsi 330, ambazo wimbi lake lina urefu wa mita 900 hivi. Mwili ni mfupi mno kuwa antena ya wimbi refu hivyo. Kwa hiyo habari hubaki mwilini na karibu na ngozi. Hapo hupatikana faida mbili: usiri na uwekevu wa nguvu. Redio hutumia takriban nanojuli 1 hadi 10 kwa kila biti, ilhali saketi ya mwilini iliyojaribiwa katika Chuo Kikuu cha Purdue ilitumia chini ya pikojuli 10.

Matatizo hayakosekani. Njia ya kurudia ni dhaifu, nayo hubadilika mtu anapoketi au kusimama. Kihisio nacho hula nguvu katika kupima, si katika kutuma tu. Tena, kutoka mkononi hadi kwa daktari habari bado zahitaji mtandao wa simu.

Shule yenye osiloskopu yaweza kuonyesha msingi wa jambo hili. Mwanafunzi akiwa ndani ya jengo lenye umeme, na ashike kwa kidole ncha ya waya wa kuingizia ya chombo hicho, pasipo kugusa waya wowote wa umeme wa jengo. Wimbi la hetsi 50 litatokea kiooni. Mwili wake utakuwa umelipokea kutoka katika nyaya za ukutani, bila kuzigusa.