Maneno 34 kwa Sentensi

Mwaka 1941 Wamarekani wawili, Frederick Mosteller na Frederick Williams, waliianza kazi ya kuchosha: kuhesabu maneno ya kila sentensi katika makala za kisiasa za karne ya 18. Makala hizo, 85 kwa jumla, zilitolewa mwaka 1787 na 1788 ili kuwashawishi watu wa New York waikubali katiba mpya ya Marekani, zote kwa jina moja la kupanga. Kumi na mbili kati yake ziligombaniwa: ni za Alexander Hamilton au za James Madison?

Matumaini yao hayakuwa ya bure. Miaka miwili kabla, mtakwimu Udny Yule wa Uingereza alikwisha kuonyesha kwamba urefu wa sentensi unaweza kumtofautisha mwandishi na mwenzake. Lakini hesabu ilipokamilika, Hamilton alikuwa na wastani wa maneno 34.55, Madison 34.59. Kitendawili hicho kilikuja kuteguliwa mwaka 1964, Mosteller na David Wallace walipofuata vijineno ambavyo mtu huviandika bila kufikiri. Ushahidi ukamwelekea Madison.

Basi urefu hauna maana? Unayo, ila wastani huificha. Anayeandika sentensi za maneno ishirini ishirini, na anayechanganya za matano na za thelathini na tano, wanaweza kulingana kwa hesabu. Msomaji wa yule wa kwanza atasinzia.

Tena kinachomchosha msomaji si urefu wenyewe, ni kusubirishwa. Soma hii: “Barua ambayo karani ambaye mkurugenzi alimfukuza aliiandika imepotea.” Maneno manane tu, na tayari umerudi mwanzo. Akili imebeba barua, karani na mkurugenzi kwa pamoja, kila mmoja akingoja kitenzi chake, na kumbukumbu ya muda mfupi haina nafasi kubwa ya kuweka viporo. Sasa hii: “Mvua ilianza alasiri, ikanyesha usiku kucha, ikafurisha mto, ikang’oa daraja, ikasomba mazizi ya mbuzi. Shamba halikuonekana.” Sentensi ya kwanza ina maneno kumi na manne, lakini kila “ka” inafunga tendo moja kabla ya kufungua jingine, kwa hiyo hakuna deni. Msomaji anakwenda mbio, kisha anagonga sentensi ya maneno mawili.

Kugonga huko hupimika. Mwaka 1980 Marcel Just na Patricia Carpenter, waliofuatilia macho ya wasomaji, walieleza jinsi jicho linavyokawia kwenye neno la mwisho la sentensi, akili ikikusanya ilichopewa. Nukta ni mahali pa kazi. Ndiyo maana jambo zito likiwekwa hapo huzama, na likifichwa katikati humpita msomaji.

Barua zetu za kiofisi hazijalisikia hili. Mtenda yuko mstari wa kwanza, kitenzi chake kiko mstari wa nne, na katikati kuna “kufuatia”, “kwa mujibu wa” na tarehe tatu. Mwambie mwandishi aisome kwa sauti. Pumzi itamwishia kabla ya kitenzi.