Kishikwambi si Ubao wa Kuchorea

Baada ya Sensa ya 2022 nchini Tanzania, vishikwambi vilivyotumiwa na makarani viligawiwa kwa walimu. Neno hilo sasa si geni hata vijijini Ngara na Biharamulo, na kijana anayetaka kuchora kidijitali huanza kwa kuulizia kishikwambi. Hapo ndipo anapoweza kupoteza fedha zake.

Kishikwambi cha kawaida hujua umegusa wapi, hakijui umekandamiza kiasi gani. Kalamu rahisi yenye ncha ya mpira nayo ni kidole kingine tu: mstari hutoka na unene uleule mwanzo hadi mwisho. Ubao wa kuchorea hupima mkandamizo. Ukigusa kwa wepesi, mstari unakuwa kama unywele; ukikaza, unanenepa. Kalamu zake nyingi hazina hata betri, kwani nyaya zilizofichwa chini ya ubao hutoa uga wa sumaku unaoipa kalamu nguvu ya kufanya kazi.

Ukiwa na kompyuta, anza na ubao usio na skrini. Wacom ya Japani ndiyo kongwe. Huion, XP-Pen na Gaomon za China huuza kwa bei nafuu zaidi. Faida ya ubao usio na skrini huku kwetu ni umeme. Mtambo wa Rusumo, wa megawati 80 zinazogawanywa baina ya Tanzania, Rwanda na Burundi, uko hapo hapo Ngara, lakini kukaa jirani na mtambo hakuzuii umeme kukatika. Ubao wa namna hii hunywa umeme kidogo kupitia waya wa USB, hivyo giza likiingia unaendelea na betri ya laptopu. Ubao wenye skrini mara nyingi hudai soketi yake.

Usibabaishwe na namba za kwenye boksi. Ngazi 8,192 za mkandamizo zinatosha. Mkono wa anayeanza hautaona tofauti na 16,384. Angalia eneo la kuchorea. Inchi 6 kwa 4 hufaa laptopu na begi dogo. Inchi 10 kwa 6 huruhusu mkono kuzunguka kuanzia kwenye kiwiko, jambo linalofaa kwa mistari mirefu. Ukitegemea simu, uliza kwanza kama ubao unaikubali, maana mara nyingi ni sehemu ndogo tu ya eneo hilo itakayofanya kazi.

Hesabu pia ncha za akiba. Ncha huisha kama chaki, na vumbi letu jekundu la kiangazi huila upesi zaidi. Futa ubao kabla ya kuchora. Programu isikuumize kichwa: Krita ni ya bure.

Siku za mwanzo mkono utapotea, kwa sababu unachora mezani huku macho yakiwa kwenye skrini. Jizoeze kwa michoro ya imigongo, sanaa ya majirani zetu wa Kirehe nchini Rwanda, ng'ambo ya daraja la Rusumo. Wao huchora kwanza mistari ya pembe pembe, kisha huinua matuta kwa samadi iliyochanganywa na majivu. Mstari ukipinda, tuta nalo hupinda. Jaza ukurasa mmoja kila siku kwa wiki mbili. Pembe zako zikianza kukutana bila kufuta, ubao mdogo umeshalipa bei yake.