Utii wa Askari na Meza ya Bwana: Kesi ya Jemadari Keitel

Wilhelm Keitel alikuwa Mkuu wa Makao Makuu ya Majeshi ya Ujerumani tangu mwaka 1938 hadi 1945. Hakuongoza vikosi vitani. Silaha yake ilikuwa kalamu. Katika mwaka 1941 ofisi yake ilitoa amri kwamba makamisaa wa Jeshi la Kisovieti wakitekwa wauawe, na kwamba kwa kila askari Mjerumani auawaye na wapinzani, Wakomunisti 50 hadi 100 wauawe. Septemba mwaka huo Admirali Canaris alipopinga kwa hoja za sheria jinsi mateka wa Kisovieti walivyotendewa, Keitel aliandika kwamba hoja hizo zatokana na fikira za vita vya kiungwana, ilhali hapa shabaha ni kuangamiza itikadi. Aandikaye hivyo hawezi kusema kwamba hakuonywa.

Kesi ilianza Nuremberg tarehe 20 Novemba 1945. Keitel alijitetea kuwa ni askari aliyetii. Lakini Hati ya Mahakama, kifungu cha 8, ilikwisha kuamua kwamba amri ya mkubwa haimwondolei mtu hatia, ingawa yaweza kupunguza adhabu. Kwake yeye mahakimu hawakuona la kupunguza; walimtia hatiani kwa mashtaka yote manne.

Hapo Mlutheri hana budi kutulia. Ungamo la Augsburg, kifungu cha 16, lafundisha utii kwa serikali, kisha laweka mpaka: isipokuwa inapoamuru dhambi, kwa kufuata Matendo 5:29. Luther naye, katika kitabu chake cha 1526 kuhusu askari, alisema kwamba ajuaye kwa hakika kuwa bwana wake apigana pasipo haki asimfuate. (Twahubiri mara nyingi nusu ya kwanza ya kifungu kile, na kuiacha ya pili ikilala.) Keitel hakukosa fundisho, fundisho lilikuwapo miaka 400 kabla yake.

Gerezani alihudumiwa na Henry Gerecke, mchungaji Mlutheri wa jeshi la Marekani. Gerecke hakugawa Sakramenti ovyo: Göring, aliyekataa uungu wa Kristo, alinyimwa. Keitel alipiga magoti, akapokea. Je, ilikuwa haki? Katika neno lake la mwisho mahakamani, Agosti 1946, Keitel alisema kuwa aliamini, akakosea, wala hakuweza kuzuia yaliyopasa kuzuiwa, na hiyo ndiyo hatia yake. Naona maneno hayo ni nusu ungamo na nusu utetezi, maana mengi hakushindwa tu kuyazuia, bali aliyatia sahihi. Hata hivyo mchungaji hupokea ungamo analosikia. Wenye kupima ushahidi walikuwa mahakimu, nao walikwisha kuupima.

Keitel aliomba apigwe risasi kama askari, akakataliwa. Alinyongwa tarehe 16 Oktoba 1946. Gerecke alikwenda naye mpaka penye kamba, akaomba naye.