Nani Anoe? Uchumi wa Wembe wa Kukunja na Wembe wa Usalama

Biashara ya kunyoa ndevu, ikivuliwa matangazo yake, ni biashara ya kuuza makali, na kinachotenganisha wembe wa kukunja na wembe wa usalama ni nani anayenoa. Wembe wa kukunja, yaani ubapa mmoja wa chuma unaofunguka kutoka katika mpini wake na ambao haubadilishwi kwa miaka mingi, humkabidhi mwenyewe kazi hiyo. Wembe wa usalama, yaani kishikio chenye kichwa kinachobana kiwembe chembamba na kuruhusu ukingo mdogo tu uguse ngozi, huiacha kazi hiyo kiwandani na kumuuzia mnunuzi makali mapya kila baada ya siku chache. Anayepima kama ajifunze wembe wa kukunja au abaki na wembe wa usalama anaamua ni nani atakayelipwa kwa kunoa, na uamuzi huo una hesabu zake.

Hadi mwishoni mwa karne ya 19 hapakuwa na kunyoa bila kunoa. Mwaka 1880 ndugu wa ukoo wa Kampfe wa New York walipata hataza, yaani hati ya kumlinda mvumbuzi asiigwe, kwa wembe wenye kizuizi cha kuyazuia makali yasizame, lakini ubapa wake ulikuwa bado mnene na ulinolewa kama mwingine wowote. King Camp Gillette, aliyekuwa muuzaji wa vifuniko vya chupa, ndiye aliyetambua kwamba fedha ilikuwa katika kuifuta kazi ya kunoa yenyewe. Wataalamu wa chuma walimwambia kwamba bati jembamba kiasi kile haliwezi kukazwa likabeba makali, na haikuwezekana mpaka mhandisi William Nickerson alipobuni mashine za kulikaza na kulinoa. Kampuni iliundwa mwaka 1901, mauzo yakaanza mwaka 1903 kwa nyembe 51 na viwembe 168, na mwaka uliofuata nyembe zilizouzwa zilizidi 90,000. Marekani ilipoingia katika Vita Kuu ya Kwanza, jeshi lake liliagiza nyembe milioni 3.5 kwa ajili ya askari, ambao walirudi nyumbani wakiwa wamezoea kunyoa wenyewe kila siku bila jiwe la kunolea wala mkanda wa ngozi.

Vitabu vya biashara hupenda kusimulia kwamba Gillette aliuza vishikio kwa bei ya kutupa ili avune kwenye viwembe. Mwanasheria Randal Picker wa Chuo Kikuu cha Chicago amezichunguza upya bei za wakati huo na kuonyesha mambo mengine kabisa: kishikio kiliuzwa kwa dola 5, ambazo zilikuwa karibu theluthi ya mshahara wa wiki wa mfanyakazi, na bei hiyo ilidumu mpaka hataza zilipomalizika mwaka 1921. Ushindani uliofuata ndio ulioshusha bei ya kishikio, na mkakati wa kumfunga mnunuzi kwa bidhaa ya kurudia ulikomaa baadaye, hasa kuanzia mwaka 1971, Gillette ilipotoa katriji ya viwembe viwili, yaani kisanduku kidogo cha plastiki kinachoingia katika kishikio cha kampuni hiyo pekee. Viwembe vitatu vilifuata mwaka 1998, na vitano mwaka 2006. Mwaka 2005 Procter & Gamble iliinunua Gillette kwa takriban dola bilioni 57; mwaka 2019, baada ya kampuni mpya za kuuza viwembe kwa posta kuvunja bei na wanaume wengi kuanza kufuga ndevu, ilipunguza thamani ya biashara hiyo katika vitabu vyake kwa dola bilioni 8. Makali yaliuzwa ghali kupita kiasi, na wanunuzi wakaondoka. Baadhi yao ndio waliorudi kwenye zana za babu zao.

Zana hizo hazikuwa zimekufa, ingawa viwanda vyake vilikuwa vimepungua sana. Sheffield ya Uingereza, iliyotamba karne ya 18 na 19 kwa chuma cha kuyeyushwa chunguni kilichobuniwa na Benjamin Huntsman, iliuachia uongozi mji wa Solingen nchini Ujerumani, ambao jina lake linalindwa kisheria tangu mwaka 1938, kiasi kwamba chombo cha kukatia hakiwezi kuandikwa jina hilo kama hatua kuu za utengenezaji wake hazikufanyika huko. Dovo ya Solingen, iliyoanzishwa mwaka 1906, na Thiers-Issard ya mji wa Thiers nchini Ufaransa, ya mwaka 1884, ni miongoni mwa wachache waliobaki. Gharama yao kubwa ni mikono ya wachongaji. Chuma chenye kaboni nyingi hufuliwa kwa nyundo kubwa ndani ya kalibu, hukazwa kwa moto na mafuta, kisha huingizwa kati ya magurudumu mawili yanayozunguka hadi mashavu ya ubapa yabonyee kuelekea ndani na ukingo uwe mwembamba kiasi cha kupinda kidogo ukiburuzwa juu ya ukucha wa dole gumba. Mgongo huachwa mnene kwa makusudi, kwa kuwa wembe ukilazwa juu ya kinoo, mgongo na makali vyote hugusa jiwe na pembe ya kunolea hujipanga yenyewe. Ni ubunifu wa kustahili heshima: chombo chenyewe kinambebea mwanagenzi nusu ya ustadi.

Nusu nyingine ni yake. Kabla ya kila kunyoa wembe hupitishwa mara kadhaa juu ya mkanda wa ngozi uliovutwa sawasawa, mgongo ukitangulia na makali yakifuata, na kwenye kila mwisho wembe hugeuzwa juu ya mgongo wake, kwani anayeugeuza kwa upande wa makali hukata mkanda na kupoteza dola 50 kwa sekunde moja. Usoni wembe huinamishwa kwa pembe ya nyuzi 30 hivi, ngozi ikivutwa kwa mkono wa pili, na wanaojifunza kwa busara huanza na mashavu pekee, wakiumalizia uso uliobaki kwa wembe wa usalama hadi mkono utulie. Kidevu na mdomo wa juu huja mwisho. Kinoo chenyewe, ambacho huhitajika mara chache tu kwa mwaka, kinahitaji uvumilivu zaidi, na wengi hupeleka wembe kwa fundi.

Sababu ya makali kuisha imefafanuliwa vizuri na watafiti wa chuo cha MIT cha Marekani katika jarida la Science mwaka 2020. Unywele ni laini kuliko chuma mara 50 hivi, lakini unapopinda mbele ya ukingo, na ukaugusa mahali ambapo muundo wa chuma haulingani, huweza kumegua kipande kidogo mno kisichoonekana kwa macho. Kiwembe cha kubadilisha hutupwa kikifikia hapo. Wembe wa kukunja hurudishwa kwenye jiwe.

Hesabu, basi, inategemea kinacholinganishwa. Mtu anayenyoa kila siku na kutumia katriji moja ya dola 4 kwa wiki hutoa dola 208 kwa mwaka. Akihamia wembe wa usalama wa mtindo wa zamani, wenye kiwembe kimoja cha makali pande mbili, na kubadilisha kiwembe cha senti 20 kila baada ya kunyoa mara tano, atatumia viwembe 73, yaani chini ya dola 15. Wembe mzuri wa kukunja kwa kawaida huzidi dola 100, na ukijumlishwa na mkanda na jiwe gharama hukaribia dola 240: dhidi ya katriji hujilipa katika mwaka mmoja na miezi miwili hivi, lakini dhidi ya kiwembe cha makali pande mbili huchukua miaka 16, bila kuhesabu muda wa kujifunza. Anayetafuta akiba peke yake hana sababu ya kuuacha wembe wa usalama. Wembe wa kukunja unanunuliwa kwa haki na yule anayetaka ufundi wenyewe.

Kwa wenye nywele za kujikunja, wakiwamo wengi wa Afrika Mashariki, suala la ngozi lina uzito zaidi kuliko bei. Katriji huvuta unywele kwa kiwembe cha kwanza na kuukata kwa kinachofuata chini ya usawa wa ngozi, na unapoota tena ncha yake hujipinda na kuchoma ngozi kutoka ndani, na hiyo ndiyo asili ya vipele vya ndevu. Ubapa mmoja, uwe wa kukunja au wa usalama, hupunguza tatizo hilo, na kwa hiyo faida hii haihitaji mtu ajifunze chochote kigumu. Kiwembe cha duka la mtaani, kikiwa kipya na ndevu zikiwa zimelainishwa kwa maji ya moto, kinatosha.

Vinyozi wenyewe wameshaamua. Mkanda wa ngozi hauwezi kusafishwa vijidudu kwa uhakika, na hofu ya VVU kuanzia miaka ya 1980 iliwafanya vinyozi wa nchi nyingi waachane na wembe wa kunoa na kuchukua kishikio cha kukunja kinachopokea nusu ya kiwembe, ambacho huvunjwa katikati kikiwa bado ndani ya karatasi yake, mbele ya mteja. Viwanda vya Solingen vilipoteza hapo wateja wao wa kudumu, na wakati huohuo watengenezaji wa viwembe vya bei nafuu, kama Lord wa Alexandria nchini Misri, walipata soko la vinyozi wanaofungua kiwembe kipya kwa kila kichwa. Waliobaki kununua wembe wa kukunja ni watu binafsi, na baadhi yao hununua nyembe kuukuu za Sheffield na Solingen zilizofufuliwa na mafundi wa kunoa, kwa kuwa chuma cha miaka 100 iliyopita, kama hakikuliwa na kutu kwenye ukingo, hunoleka sawa na kipya na mara nyingi huuzwa kwa nusu ya bei.