Moto mkali hauivishi maharagwe haraka

Maharagwe yakikataa kuiva, mkono wa mpishi huenda kwenye gunia la mkaa. Anaongeza vipande, anapepea, maji yanaanza kurukaruka na kusukuma mfuniko, na kila aliyepo jikoni anaamini kwamba sasa kazi inakwenda mbio. Haiendi. Tumbukiza kipimajoto katika sufuria hiyo ukiwa Dar es Salaam, kitasoma nyuzi 100 za Selsiasi au karibu kabisa na hapo. Punguza moto mpaka maji yatokote polepole, kitasoma vilevile. Punje ya harage haina habari kama chini yake kuna mkaa wa kiganja au wa debe zima. Inachokipata ni halijoto ya maji yaliyoizunguka, na hiyo imeshagota.

Wengi tulikariri tofauti ya joto na halijoto kwa ajili ya mtihani tu, lakini mahali pake hasa ni hapa jikoni. Halijoto hueleza jinsi chembe za kitu zinavyotikisika kwa wastani. Joto ni nishati inayohama kutoka penye halijoto ya juu kwenda penye halijoto ya chini. Cheche inayoruka kutoka kwenye mkaa ina halijoto inayozidi nyuzi 500, lakini ikikuangukia mkononi inachoma kidogo tu na kuzimika, kwa sababu ni chembe ndogo yenye nishati haba. Uji wa nyuzi 80 ukikumwagikia mapajani, utapelekwa hospitali.

Sasa tupige hesabu. Kupandisha kilo moja ya maji kwa nyuzi moja kunataka kilojuli 4.2 hivi. Lita tatu kutoka nyuzi 25 hadi 100 zinataka kama kilojuli 945. Kilo moja ya mkaa mzuri ina takriban kilojuli 30,000. Kwa hiyo, kama joto lote lingeingia kwenye maji, gramu 32 za mkaa zingetosha kuchemsha lita hizo tatu. Hakuna mnunuzi wa mkaa atakayeniamini, na ana haki. Sehemu kubwa ya joto huishia kwingine.

Mlaji mkubwa wa kwanza ni mvuke. Maji yakishafika kiwango cha kuchemka, joto linaloongezwa halipandishi halijoto hata kidogo. Linatumika kuzitenganisha chembe za maji ili ziruke hewani. Kugeuza kilo moja ya maji yanayochemka kuwa mvuke kunakula kilojuli 2,260 hivi, yaani mara saba ya joto lililoyatoa nyuzi 25 na kuyafikisha 100. Joseph Black aliipima nishati hii iliyojificha huko Scotland katika miaka ya 1760. Benjamin Thompson, maarufu kama Count Rumford, yule aliyeonyesha mwaka 1798 kwamba kutoboa mizinga ya shaba kunaweza kuzalisha joto bila kikomo, naye aliandika sana kuhusu majiko, akiwalaumu wapishi wa Ulaya kwa kuchemsha vyakula kwa fujo na kuteketeza kuni bure. Zaidi ya miaka 200 imepita, na lawama zake bado zinatufaa.

Ukitaka kujua mkaa uliopotea, hesabu maji unayoongeza. Tuseme jiko lako hufikisha robo ya joto la mkaa kwenye sufuria. Kila lita iliyopaa kama mvuke, pamoja na kuichemsha ile ya baridi uliyoimimina badala yake, imekugharimu gramu 340 hivi za mkaa, na haikuharakisha chochote. Mfuniko unaokaa vizuri hurudisha sehemu ya hasara hiyo, kwani mvuke ukiugusa hugeuka maji tena na kudondoka ndani. (Ngozi yako nayo ikikutana na mvuke hupokea zile kilojuli zote kwa mkupuo, ndiyo maana mvuke huunguza vibaya kuliko maji yanayochemka.)

Mlaji wa pili ni jiko lenyewe. Katika jiko la bati tupu, joto hupenya ukuta kwa mpitisho, kisha ukuta uliopata moto hulitawanya kwa mnururisho. Ukikaa karibu, magoti yako ndiyo yanayopikwa. Hewa ya moto nayo hupanda kwa msafara, ikapita pembeni mwa sufuria na kwenda zake. Jiko la bati lenye kikombe cha udongo ndani, lililoenea Kenya tangu miaka ya 1980 kupitia mafundi wa jua kali, linapambana na hasara hiyo ya ukutani, maana udongo hupitisha joto polepole mno kuliko bati. Ile hewa inayotoroka haliizuii sana. Hapo inasaidia sufuria pana inayokaa karibu na mkaa.

Nyanda za juu zina shida yao. Kadiri unavyopanda, kanieneo ya hewa hupungua na maji huchemka mapema, takriban nyuzi moja chini kwa kila mita 300. Nairobi, iliyo kama mita 1,700 juu ya bahari, maji huchemka kwenye nyuzi 94 au 95. Maharagwe hukawia huko, na hakuna moto utakaoyapa nyuzi 100 katika sufuria ya kawaida. Sufuria ya presha ndiyo dawa: huzuia mvuke, kanieneo inapanda, na maji hufika karibu nyuzi 120 kabla ya kuchemka.

Asiye nayo ana kapu la kupikia, lililojazwa matambara, sufi au nyasi kavu. Vitu hivi hushika hewa iliyotulia, nayo hupitisha joto kwa shida, kwa hiyo sufuria iliyochemka huendelea kuivisha bila moto. Maharagwe yaloweke usiku, umwage maji yake, kisha uyachemshe sawasawa kwa nusu saa kabla ya kuyaweka kapuni. Usiikwepe nusu saa hiyo: maharagwe mekundu yana sumu ya asili inayoharibiwa na mchemko kamili, na halijoto ya wastani haitoshi. Jaza sufuria, kwa sababu iliyo nusu hupoa upesi. Na mtu akifunua kuchungulia, irudishe motoni ichemke tena ndipo uifunike upya.