Mche wa Mkoko Unavyojinyanyua Topeni

Ukiuliza mbegu ya mkoko huotaje, wengi watakujibu kwamba hudondoka na kujichomeka wima topeni. Hutokea, iwapo maji yamekupwa. Lakini pita kwenye mikoko ya Ghuba ya Mnazi na mlango wa Mto Ruvuma, Mtwara, eneo la kilomita za mraba 650 lililofanywa hifadhi ya bahari mwaka 2000, na utazikuta nyingine zimelala ubavu, zimetupwa na maji huko na huko. Utadhani zimekufa.

Tunachokiita mbegu hapa ni mche tayari. Umeota ukingali juu ya mti, ukarefuka, pengine ukapita nusu mita, ndipo ukaachia tawi. Huweza kuelea kwa wiki kadhaa. Ukishatua, mizizi huchipuka kwenye ncha ya chini na kushika tope. Na hapo mkoko ndio kwanza unaalika maua: bado mwili mzima haujasimama.

Kwanza mche ujue juu ni wapi. Mwaka 1806 Mwingereza Thomas Andrew Knight alifunga mbegu zinazoota kwenye gurudumu lililozungushwa na maji bila kusimama. Vichipukizi vikaelekea katikati ya gurudumu, mizizi ikaelekea nje, kule ambako mzunguko unasukuma. Kumbe mmea huhisi uzito. Ndani ya baadhi ya seli zake mna punje za wanga zinazozama, mfano wa kokoto ndani ya kopo: ukililaza kopo, nazo huhamia upande uliogeuka kuwa chini. Kuhama huko hufanya homoni iitwayo oksini ijikusanye upande huo. Kwenye kichipukizi, oksini huharakisha ukuaji wa upande wa chini, ncha ikapinda kwenda juu. Kwenye mzizi, oksini ileile huchelewesha ukuaji, na mzizi ukazama.

Ila shina la mche wa mkoko limeshakomaa kabla halijafika chini, na kitu kigumu hakipindi kwa kurefuka tu. Wataalamu wa mimea Jack Fisher na Barry Tomlinson waliuchunguza mkoko mwekundu wa Marekani, ndugu wa huu wetu, na mwaka 2002 wakaeleza walichokiona: nyuzi za pekee ndani ya mbao zinazoenda sambamba na kujinyanyua kwa mche. Nyuzi za aina hiyo hujengeka upande wa juu wa shina lililoinama, zikakaza na kulivuta.

Mimea mingine nayo hujisogeza: majani ya mbaazi hujikunja jioni, lakini yale ni maji tu, yanaingia na kutoka kwenye viungo vilivyo chini ya majani. Asubuhi yote hufunguka tena. Mkoko hujenga mbao, hauna haja ya kurudi chini.

Kwa hiyo anayepanda mikoko asiung'oe mche uliolala ili ausimamishe, maana ataukatia mizizi michanga ambayo ndiyo nanga yake. Kinachoweza kuuangamiza si kulala bali wimbi linalofika kabla mizizi haijashika. Kuuchomeka kwa mkono kabla haujatoa mizizi kunasaidia zaidi kwa sababu hiyo: mche hausombwi. Kusimama utasimama wenyewe.