Ramani Nzuri Huanzia Foleni ya Feri

Mzazi mwenye mtoto anayesomea usanifu wa majengo hujionea mengi. Kijana hurudi likizoni na mrundo wa karatasi, gundi na vipande vya kadibodi, na usiku kucha taa ya chumbani haizimwi. Ukimwuliza kulikoni, atakujibu kuwa yumo mashindanoni. Ukitaka kujua atalipwa kiasi gani, aghalabu hana jibu.

Mzazi ana haki ya kuuliza. Masomo haya huchukua yapata miaka 6 katika vyuo vikuu vya Nairobi na Jomo Kenyatta, na hata baada ya shahada kijana hulazimika kufanya kazi chini ya wakubwa wake na kutahiniwa kabla ya bodi kumsajili. Je, mashindano yasiyo na malipo ya hakika yana faida gani?

Kwanza tuelewe yanavyoendeshwa. Waandaaji hutoa maelezo kuhusu jengo linalotakiwa, litakaposimama, watakaolitumia na gharama isiyopaswa kuzidishwa. Siku ya mwisho hutangazwa, na atakayechelewa hana lake. Katika mashindano mengi michoro hupewa nambari badala ya majina, ili waamuzi wasijue ni kazi ya nani. Hapo mwanafunzi na mtaalamu aliyebobea huwa sawa.

Ndivyo ilivyokuwa Marekani mwaka 1981, yalipofanywa mashindano ya kubuni mnara wa kuwakumbuka wanajeshi waliokufa katika vita vya Vietnam. Iliwasilishwa michoro 1,421. Iliposhinda kazi moja na jina kufichuliwa, ikawa ni ya Maya Lin, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Yale mwenye umri wa miaka 21. Alikuwa amebuni kuta mbili za mawe meusi zinazokutana pembeni, zenye majina ya waliokufa. Mnara huo ulizinduliwa mwaka 1982.

Lakini mshindi ni mmoja tu. Je, wale wengine 1,420?

Hapa ndipo penye somo. Darasani, mwanafunzi akichora jambo lisiloeleweka, husimama mbele ya mwalimu akajitetea kwa maneno. Mashindanoni hayupo. Karatasi yake ndiyo itakayomsemea, na lisilochorwa halipo. Hivyo hujifunza kuuliza mapema: nani atapita hapa, na atapataje shida?

Tuchukue mfano wa hapa kwetu. Tuseme mashindano yanataka banda la abiria wanaosubiri feri Likoni. Kijana mmoja atakimbilia kompyuta, achore paa lenye mabawa kama ndege, na picha itapendeza kweli. Mwingine atadamka alfajiri aende akasimame foleni.

Huyu wa pili ataona umati unavyosukumana lango linapofunguliwa. Atamwona mzee mwenye bakora, mama mwenye mtoto mgongoni, hamali na mkokoteni wake, na kijana wa kiti cha magurudumu asiyejua apitie wapi. Atagundua kuwa mvua ya masika haiji wima; upepo wa kusi huisukuma ikaingia ubavuni, na paa pekee halitamkinga mtu. Atakumbuka pia kwamba chumvi ya bahari hula chuma.

Mambo haya si mapambo. Wakazi wa Likoni na Mtongwe hawajaisahau Aprili 29, 1994, feri ya Mtongwe ilipopinduka karibu na gati na watu 272 wakafa maji. Penye kivuko, njia za watu na idadi yao ni suala la uhai.

Kisauni nako kuna funzo lake. Nyumba ya Kiswahili ina baraza mbele, ukumbi unaopita katikati, vyumba huku na huku, na ua nyuma. Ukumbi ule hupitisha upepo, na baraza humkinga aketiye na jua huku akisalimiana na wapitao. Mwanafunzi akipima nyumba ya nyanya yake kwa futi kabla ya kubuni nyumba za kupangisha, atajua cha kuhifadhi na cha kubadilisha. Changamwe naye atajiuliza: mfanyakazi wa zamu ya usiku bandarini atalalaje mchana chini ya mabati?

Swali hilo la joto lilimfikisha mbali Francis Kéré wa Burkina Faso. Akiwa bado mwanafunzi mjini Berlin, Ujerumani, alibuni shule ya msingi ya kijiji chake cha Gando, iliyokamilika mwaka 2001. Alitumia matofali ya udongo, kisha akaliinua paa la bati mbali na dari ili hewa moto itoke. Mwaka 2004 shule hiyo ilipata Tuzo ya Aga Khan, na mwaka 2022 Kéré akawa Mwafrika wa kwanza kupata Tuzo ya Pritzker, ambayo ni ya juu kabisa katika fani hii. Jua la kwao ndilo lililomfunza.

Hata hivyo, vijana wajihadhari. Kabla ya kuingia mashindanoni, soma masharti yote. Je, kuna ada ya kushiriki? Waamuzi ni akina nani? Michoro ikishawasilishwa itakuwa mali ya nani? Aidha, usiruhusu shindano likuharibie mtihani. Moja au mawawili kwa mwaka, ukiyafanya kwa makini, yanatosha. Ukiweza, jiunge na wenzako wa uhandisi na ukadiriaji wa majenzi, kwani jengo halijengwi na mtu mmoja.

Matokeo yakitoka na jina lako halimo, tazama kazi iliyoshinda uilinganishe na yako. Waamuzi wakitoa maoni, yasome mara mbili. Kisha weka michoro yako vizuri, maana siku ya kutafuta kazi, mwajiri atataka kuona uliyoyafanya kwa mikono yako.

Nawe mzazi, ukiikuta taa inawaka usiku wa manane, usiulize atalipwa nini. Mwulize jengo hilo ni la nani, na kama ameshakwenda kuzungumza naye. Asipokuwa na jibu, mpe nauli ya matatu aende.